Malaika za Oiva

Naendesha katapila la theluji mjini Kuopio.
Kazi yangu ni kukijua kilichofunikwa:
ukingo wa barabara, bomba la zimamoto,
gari dogo la mlevi.
Miaka kumi na minane sijagonga kitu.
Mwanangu nilimgonga mara ngapi, sijui.

Kwanza aliacha sauna.
Kwetu Jumamosi ni sauna, haina mjadala,
uchi wa baba na mwana hauna habari kuliko uchi wa viazi.
Akasema ana kazi ya shule. Kisha ana mafua.
Nikasema: miaka kumi na mitano, haya imemwingia.

Kisha akawa mpishi.
Hilo ndilo lililonipumbaza.
Alioka mikate ya iliki, akasimama kututazama tukila
kama mtu anayesoma barua juu ya bega la mwenzake.
Wewe je?
Nimeonja jikoni. Nimekula kwa kocha. Nimeshiba.
Aliyenenepa nyumbani ni mbwa.

Alikuwa mrukaji wa skii, kilimani Puijo.
Mwepesi hupaa mbali, na kocha siku moja, akicheka,
alisema neno ambalo silirudii hapa.
Mtoto naye alicheka.
Akaenda nalo nyumbani, akalilalia.

Aila, mama yake, alisema: Huyu anaumwa.
Nikasema: Huyu ni mwanariadha.
Nikasema pia, Mungu anisamehe,
kwamba ugonjwa huo ni wa wasichana.

Mwezi wa sita, jua halizami, watu wanaogelea,
yeye kavaa sweta la sufu.
Tulikuwa gatini tukifungua ndoana iliyonasa kwenye wavu.
Mkono wa sweta ukapanda.
Nikaziona malaika.
Si zile za kila mtu. Nyingi, laini, kama kifaranga wa jana.
Nesi alinieleza baadaye:
mwili ukikosa mafuta hujifumia blanketi.
Yaani kumbe kulikuwa na mmoja ndani yake
aliyekuwa bado anataka kuishi,
anafuma usiku kucha bila kumwambia mwenyewe.

Sikusema kula.
Nilisema: Oiva, una baridi.
Sina.
Una baridi, mwanangu, naiona.
Ndoana ilikuwa mkononi mwangu, ikinichoma.
Akasema, polepole, akiangalia maji:
Baba, sijui jinsi ya kuacha.

Hospitali, mashine ikihesabu moyo uliokuwa unatembea
kama mzee kwenye barafu.
Nesi Tuulikki akatufundisha kukaa.
Ndiyo, kukaa. Mezani, hadi mwisho, bila kupatana bei.
Wiki ya kwanza nilimwambia: Umenawiri!
Akaweka kijiko chini, na jioni ile ikatupotea.
Sasa mwili wake siutaji, hata kwa sifa.
Nazungumzia theluji. Namjua kila mwenye gari bovu mjini.

Kuna siku alinitukana kwa sauti nisiyoijua,
bakuli likapiga ukuta.
Nikaupangusa ukuta.
Nikapakua tena.
Mikono yangu ilitetemeka, sikuificha.
Kinywa kimoja, wasemaji wawili;
nilimsubiri yule mwingine.

Hajapona. Watu dukani huuliza nami husema hivyo hivyo.
Alhamisi, supu ya njegere: alifika nusu, akalia,
akaendelea huku akilia.

Leo saa tisa usiku nilimkuta mlangoni, kavaa buti.
Naweza kuja?
Akakaa kando yangu, viganja kwenye hita.
Karibu na shule akasema: Simama, kuna kitu.
Nikainua sepeto, tukashuka, tukafukua kwa mikono.
Baiskeli ya mtoto, nyekundu, kengele bado inalia.
Tukaiegemeza ukutani.

Nusu ya mkate wake ilikuwa juu ya dashibodi.
Tulipomaliza mtaa wa mwisho haikuwepo.
Aliula, au dirisha lilifunguliwa, sikuuliza.
Saa moja asubuhi tutakaa mezani,
mimi na yeye.